Maana ya Kupiga Plasta

Chumba cha Cherehani,
Nyuma ya Ghala la Mbao,
Jumapili, tarehe 14 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu Profesa,

Pokea salamu. Nimeandika mpendwa kwa sababu barua huanza hivyo, na kwa sababu mama amekaa hapa pembeni anamenya viazi na kutazama mkono wangu. Hana miwani, haoni ninachoandika. Anaona tu kwamba naandika kwa nguvu.

Je, u mzima? Kile kifua kimepona? Baridi ya huko imepungua? Mkeo na mapacha wanaendeleaje? Nauliza kwa dhati, maana hasira niliyo nayo sitaki imkute mgonjwa. Kama unaumwa, ikunje barua hii uiweke, uje uisome ukipata nafuu.

Sisi huku miili ni mizima. Presha ya mama imeshuka, ila goti la kushoto linamsumbua akipanda ngazi. Binti yangu ameshika nafasi ya nne darasani, na kwenye Kiingereza hakuna aliyemfikia. Cherehani imebadilishwa mkanda, sasa haipigi kelele. Hayo ndiyo mazuri, na nimeyamaliza.

Sasa nisikilize.

Ulipopiga simu mwezi wa sita ukasema kampuni ya ujenzi ya hapo ulipo inatafuta mafundi wa plasta, na kwamba wewe utakaa na mabosi siku ya usaili ili umsaidie mume wangu, shemeji yako, pale lugha itakapomgomea, nililia kwa furaha. Yeye hakulia. Alikwenda kuosha mwiko wake wa plasta. Ndivyo alivyo akipata jambo la kumzidi, anaosha mwiko hata kama ni safi.

Wiki mbili nzima alijifunza na mwanetu. Sentensi saba kwenye kadi. Alizisema akinyoa ndevu, alizisema akifunga viatu, mpaka mama naye akazijua. Sentensi ya nne ndiyo ilikuwa ya kazi yake, ndani yake kukiwa na neno plastering, yaani kupiga plasta. Alilitamka vizuri. Nilimsikia kwa masikio yangu mara zisizo na idadi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano, saa tisa alasiri. Nilisogeza cherehani ukutani, nikaegemeza simu kwenye kopo la vifungo, nikamnyooshea kola. Mimi nikajibanza nyuma ya mlango wa jikoni, kwa sababu ulisema wakubwa hawapendi kuona watu wengi kwenye picha. Nikawaona wanaume watatu mezani, na wewe ubavuni mwao, umevaa tai. Nilijivunia sana tai hiyo. Nataka ujue hilo kabla sijaendelea.

Sentensi tatu za kwanza zilikwenda. Kwenye ya nne kadi ikateleza chini ya meza, naye akaona haya kuinama mbele ya mabosi. Akasema ya kichwani. Akawaambia yeye ni plastered kwa miaka kumi na moja. Plastered kila siku, asubuhi mpaka jioni, mvua na jua.

Sikujua kama kuna kosa. Kwangu lilikuwa neno lilelile, mkia tu umebadilika. Nilichoona ni yule mwenye miwani kufunika mdomo, na mwenzake kugeukia dirishani mabega yakimtikisika. Wewe ulijua. Umesoma lugha hiyo miaka yote, kwa ajili yako tuliuza baiskeli ya baba ili ukaisome. Ilikuwa kazi ya pumzi moja kusema, huyu bwana anamaanisha anapiga plasta kuta. Badala yake ulisogea karibu na simu, ukamwambia kwa Kiswahili:

"Endelea, shemeji. Wanakuelewa sana. Waambie na juu kwenye jukwaa unaweza."

Akawaambia. Ghorofa ya nne, plastered. Jumapili pia, msimamizi akitaka. Mwanangu anasoma kwa sababu mimi ni plastered. Chumba chenu kikapasuka kwa kicheko, na yeye akacheka pamoja nanyi, kwa sababu aliona watu wamemfurahia.

Simu ilipokatika alikuja jikoni akanishika mikono. Akasema, "Wamenipenda, mke wangu. Umeona walivyocheka na mimi?" Alitembea na furaha hiyo siku tatu. Alimwambia muuza saruji. Alimwambia fundi umeme. Alianza kumwonyesha mama jinsi atakavyomtumia picha za majengo ya huko.

Jumamosi ukatuma ujumbe kwamba wamepata mwingine. Hatukukulaumu, kazi ni riziki. Jioni hiyohiyo ukatuma kwenye kundi la ukoo kipande cha video ulichorekodi siku ya usaili, na juu yake ukaandika: Msikieni shemeji akiungama kwa Kiingereza.

Mimi na mume wangu tulikitazama pamoja mara mbili na hatukujua watu wanacheka nini. Ikabidi tumwite binti. Alisikiliza, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaanza kung'oa nyuzi za shuka.

"Ukuta ukiwa plastered ni sawa," akasema. "Mguu uliovunjika pia. Lakini mtu akijisema hivyo, kwa lugha yao ya mtaani, ni kwamba amelewa chakari."

Baba yake akauliza, "Kwa hiyo niliwaambia nini?"

Baba mtu akajijibu mwenyewe kimoyomoyo, nikamwona midomo ikipitia sentensi zake, moja baada ya nyingine, mpaka akafika kwenye ile ya mtoto kusoma. Hapo akanyanyuka akaenda uani.

Binti akaniambia kwamba Kiingereza kina maneno ya ulevi kama gunia la misumari, na mengi yanafanana na maneno ya kawaida ya kazi. Liko linalotokana na nyundo. Liko la kupakiwa mzigo kama lori, liko la kujazwa kama tangi, liko la kubomolewa. Nusu ya vifaa vya mume wangu vimo humo. Mtu aliyekulia kwenye mchanga na saruji atapitaje katikati ya maneno hayo asikanyage hata moja, ikiwa aliyewekwa kumshika mkono ndiye anayemsukuma?

Majibu ya kundini uliyaona, maana uliweka alama za kucheka kwenye kila moja. Mmoja akaandika tungi. Mwingine bwii. Mwingine tilalila, yote majina ya ulevi. Binamu yetu dereva akaandika hivi: Kumbe shemeji aliacha kupiga maji, akahamia kupiga plasta. Hilo ndilo lililoshika. Wiki haikwisha, vijana wa kwenye kilabu cha hapa nyuma wakawa wanaagana kwa neno hilo. Jana tulipiga plasta mpaka tukasahau viatu. Yule naye kapigwa plasta, mpelekeni kwao. Nimekaa kwenye cherehani yangu nikilisikia linapita dirishani. Kazi ya mume wangu imekuwa jina la ulevi, na aliyelianzisha ni ndugu yangu wa tumbo moja.

Mama mmoja wa mtaa wa pili alikuwa amepanga naye kupiga plasta sebule yake. Alimwambia mlangoni asubiri kwanza. Nyuma yake wanawe walikuwa wanacheka mpaka wanashikana.

Sisemi kwamba hakuwahi kulewa. Nani ajuaye kuliko mimi? Nilimfulia mashuka, nikamfungulia mlango, nikawadanganya waajiri wake kwamba ana malaria. Nilikuwa pale hospitali alipoanguka kutoka jukwaani akavunjika mtulinga, na harufu ikamtangulia mpaka kwa daktari. Tangu siku hiyo hajatia tone mdomoni. Huu ni mwaka wa tano. Hakwenda kwa mganga wala kwa mshauri. Alikaa uani akitetemeka, akitoka jasho, huku mama akimpa maji ya limau kwa kijiko.

Najua pia unachokitunza. Siku ya mazishi ya baba alikuja amelewa, akaangukia viti mbele ya wageni, na wewe ndiye uliyemnyanyua. Ulikuwa na miaka kumi na tisa. Ulimpiga kofi, nami sikukusema, kwa sababu lilikuwa halali yake. Alikuomba radhi baadaye. Alikuandikia kwa mkono wake. Hukumjibu, ukaanza kumwita shemeji Bwii mezani kwangu, na tukala tukanyamaza. Kama ulikuwa bado unamdai siku hiyo, ungemwambia. Ungenipigia hata mimi ukasema, dada, sitaki kumsaidia mumeo, bado namchukia. Ningeumia na ningekuelewa. Hukuwa na sababu ya kumvalisha shati safi na kumweka mbele ya mabosi ndipo umlipize kisasi.

Nikwambie kilichotokea kazini. Msimamizi wa jengo analofanyia kazi hapa kwetu wanamwita Timazi, kwa jinsi anavyosimama wima na kutaka kila kitu kiwe wima. Ndiye aliyemrudisha kazini baada ya ajali, kwa sharti moja ambalo unaweza kulikisia. Binamu yetu dereva alipopeleka mchanga akawaonyesha mafundi video wakati wa chai. Timazi akaiomba aione. Akamwita mume wangu pembeni.

"Fundi, mimi binafsi sijakunusa pombe," akamwambia. "Lakini huku juu kuna watu wana familia, na wewe mwenyewe umejisema. Mtu akiteleza kesho, wataniuliza kama nilijua."

Akamshusha chini. Fundi wa miaka kumi na moja akapewa koleo achanganye mchanga. Hakubisha. Alichanganya wiki nzima, huku wale aliowafundisha kushika mwiko wakimtelemshia ndoo.

Alhamisi ya wiki hiyo alichelewa kurudi, jua lilikuwa linazama. Mama alikuwa mlangoni. Humu ndani mama ndiye aliyekuwa wa mwisho kumwamini na alipomwamini alimwamini kabisa, humwita mwanangu hata mbele ya watu. Basi jioni hiyo alimzuia kwa mkono kizingitini, akasogeza uso wake karibu na uso wa mume wangu, akavuta pumzi. Kama alivyokuwa akifanya zamani.

Nilikuwa nimeshika sahani. Sikujua niiweke wapi.

Mume wangu hakurudi nyuma. Aliinama kidogo, kwa kuwa mama ni mfupi, akafungua mdomo akampumulia. "Nusa, mama," akasema. "Nusa vizuri. Ni chai." Kisha akapita, akavua viatu, akakaa kitandani akiwa ameutazama ukuta. Mama alibaki mlangoni muda mrefu. Usiku ule hakula, na kesho yake alifua nguo zote za kazi za mume wangu kwa mikono yake mibovu, hata zile zilizokuwa safi. Hawajalizungumza hilo mpaka leo. Huko ulikokaa na tai yako, hayo hukuyaona.

Binti ndiye aliyekwenda kwa Timazi. Alikwenda na sare za shule, kamusi kwapani, akamwonyesha neno na mkia wake. Timazi alisoma mara mbili, akaomba radhi kama mtu mzima, na Jumatatu akamrudishia mwiko. Lakini vyumba vya chini tu. Alisema, neno nimelielewa, ila jina limeshatembea, niache litulie. Kwa hiyo sasa anapiga plasta vyoo na stoo, na anashukuru.

Nilikupigia simu siku hiyo. Ukaniambia, "Dada, ni utani wa shemeji na shemeji, mbona unakuza mambo? Na isitoshe nilikuwa sisikii vizuri, kulikuwa na kelele." Nilitaka kukuamini. Mume wangu naye akakutetea. Alisema yule kijana alikuwa na woga mbele ya wakubwa wake, mtu akiwa na woga hucheka. Tukalala na hilo.

Ningekuwa nimelala nalo mpaka leo kama si mwanangu. Hiyo video yako ina dakika nne. Sote tuliishia kwenye kicheko, kwa sababu baada ya hapo watu wanaongea chinichini. Yeye aliweka vidude vya masikioni akaisikiliza mpaka mwisho, kwa sababu alijilaumu. Alidhani hakumfundisha baba yake vya kutosha, na alitaka kujua wapi. Alinijia hapa chumbani na karatasi, akafunga mlango.

Kicheko kinapotulia, yule mwenye miwani anakuuliza. Anakuuliza wewe, kwa jina lako, kama huyu bwana anamaanisha kazi ya kuta au anamaanisha anakunywa. Haulizi kwa mzaha. Sauti yake ni ya mtu anayetaka kuandika jibu. Nawe unamjibu, wala hakuna kelele yoyote, kwamba anamaanisha alichosema, na kwamba familia nzima inajua.

Nilimwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia anitafsirie neno kwa neno, akanitafsiria kidole kikiwa kwenye karatasi. Nikatafuta mahali pa kukuokoa katika maneno hayo, nikakosa.

Kwa hiyo usiniambie tena utani. Utani una watu wawili wanaocheka kitu kimoja. Na usiniambie ulikosa nafasi ya kusahihisha. Ulipewa nafasi mkononi, mezani, kwa upole, ukaitumia kumzika mtu aliyejichimbua mwenyewe kwa kucha zake.

Mume wangu hajui hili. Binti nimemkataza. Si kwa ajili yako. Ni kwamba kwa wiki hizi nimemwona akipita nje ya kilabu kile akienda kazini, anavuka upande wa pili wa barabara, anatazama mbele, na shingo yake imekaza kama mtu aliyebeba ndoo kichwani. Sitamwongezea ndoo nyingine mpaka nijue ana mtu wa kumsaidia kuitua.

Utamwambia wewe. Utampigia simu, si mimi, si mama, yeye. Utamwambia uliulizwa nini na ulijibu nini. Utamwambia na ya baba pia, kama ndiyo iliyokutuma. Halafu utaandika kwenye kundi lilelile la ukoo, kwa Kiswahili chepesi ambacho shangazi mkunga na binamu dereva wanakielewa, kwamba shemeji yako alikuwa anaeleza kazi yake na wewe ulijua. Usiweke picha za kucheka. Usiweke Kiingereza hata kimoja.

Ulisema Desemba unakuja na mapacha. Nyumba ni ya mama, siwezi kukufungia. Lakini kama utakuwa hujasema, utakula jikoni na mimi nitakula uani, na mapacha wakiniuliza kwa nini, nitawaeleza, tena bila kupunguza.

Mama anakusalimu, anasema uvae soksi mbili. Shangazi mkunga anakusalimu. Binti yangu hakusema nikusalimie, na sikumlazimisha. Nisalimie mkeo, wabusu mapacha, wao hawana kosa.

Mume wangu ameingia sasa hivi akauliza naandika kwa nani. Nimemwambia. Amesema nikupe salamu nyingi, na nisisahau kukuandikia kwamba usijilaumu kwa ile kazi kukosekana, kwa sababu yeye aliona kwa macho yake jinsi ulivyojitahidi.

Mungu akulinde barabarani na kazini, akuponye kifua, na usingizi akupunguzie mpaka utakapopiga hiyo simu.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda bado, na nimechoka nawe,

Mke wa Fundi